Kitunguu cha Torborg

"Mimi na kitunguu changu hatujawahi kukosa Krismasi!" Torborg alijigamba mbele ya jengo zima, kwenye kahawa ya sikukuu ya Mtakatifu Lucia, katikati ya Desemba, chembe za mkate wa zafarani zikimruka mdomoni. "Miaka kumi na tisa! Nyinyi endeleeni kununua maua ya kutupa."

Hatukumbishia. Kilikuwa kitunguu cha ua la amarilisi, zawadi ya mumewe, Sixten, na kila Desemba kilichanua dirishani kwake maua meupe yenye michirizi myekundu, huku nje giza limeingia saa tisa alasiri.

Sixten sasa yuko nyumba ya wazee, kumbukumbu zimemtoka, akimwona mkewe anamwita "bibi wa posta". Lakini Krismasi ile Torborg alimpelekea ua lake. Mzee akalikodolea macho, akasema, "Torborg, umelimwagilia kupita kiasi." Mwanamke alilia siku mbili kwa furaha ya kukaripiwa. Mwaka mzima uliofuata alisubiri akaripiwe tena.

Agosti akaacha kumwagilia, akakata majani, akakilaza kitunguu kipumzike ndani ya boksi kule chini ya jengo. Stoo yake inapitiwa na bomba la maji ya moto, kwa hiyo akaliweka boksi kwenye rafu ya wote, penye baridi. Juu yake aliandika neno moja: LÖK. Kwetu Uswidi kitunguu cha ua na cha mchuzi jina lao ni hilohilo.

Oktoba ikafika siku ya usafi wa pamoja. Mwenyekiti wetu wa jengo, Börje, ni mtu wa kuosha kopo kabla ya kulitupa.

Novemba Torborg akashuka kukiamsha. Rafu tupu.

"Börje, boksi langu liko wapi?"

"Lile la kitunguu kibovu? Usiwe na wasiwasi, nimetenganisha vizuri. Kitunguu mfuko wa mabaki ya chakula, boksi kwenye karatasi."

"Kibovu? Kilikuwa kimelala, we mwanamume!"

"Kimekauka, hakina hata jani! Na uliandika kitunguu, hukuandika ua."

"Ulitaka nikiandikie na wasifu?"

"Ningesoma," akasema Börje, na kwa bahati mbaya hakuwa anatania. Kisha uso ukambadilika. "Torborg... si kile cha Sixten?"

Torborg aliketi kwenye ngazi na koti lake la kuvalia nyumbani.

Lori la taka lilikuwa limeshapita mara tatu.

Mkesha wa Krismasi nilimpeleka Torborg nyumba ya wazee kwa gari, amepakata amarilisi nyekundu ya dukani. Börje alikuwa ameiacha mlangoni kwa Torborg bila kubisha hodi. Sixten aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za watoto wa mwenzake.

"Zuri. La nani?"

"Letu, Sixten."

"Mimi sina ua, bibi."

 Torborg akamfunga kifungo cha sweta, akaliacha ua mezani, tukaondoka.

Amarilisi nyekundu iliyokwisha kuchanua, pamoja na chungu chake, ni krona themanini na tisa tu, bei ya vikombe viwili vya kahawa.