Pombe Ambayo Mashabiki wa Kibondo Hawakuinywa

Harufu ya ndizi zilizofukiwa ardhini ziive haifanani na ya ndizi za sokoni. Ni nzito, ina utamu unaokaribia kuoza, na ikichanganyika na ya mtama uliokaangwa hukaa kwenye nywele siku mbili hata ukioga. Likizo ya Juni mwaka 2013, nikiwa msichana wa darasa la tano, niliishi ndani ya harufu hiyo wiki tatu, nyumbani kwa shangazi Sesilia, mdogo wake baba. Sisi kwetu ni Murungu, wilaya ya Kibondo, lakini yeye alikuwa ameolewa Kasulu, na nyuma ya nyumba yake alifungua kilabu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Asubuhi za mwezi huo ni baridi, maharage yameanikwa uani, na vumbi jekundu la barabara huingia mpaka kwenye chumvi. Shangazi alinifundisha kukamua ndizi kwa majani makavu hadi juisi itoke safi, na jioni alinipa kikombe kizima cha ile ambayo haijachachuka, kwa sharti nisimwambie mama. Nilimpenda kuliko watu wazima wote niliowajua, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue nilimkosea nani.

Baba alifika Ijumaa mchana. Alikuwa fundi cherehani, lakini heshima yake yote ilitoka kwenye uenyekiti wa mashabiki wa timu yetu ya wilaya, na kazi ngumu kuliko zote za mwenyekiti ilikuwa kutangulia ugenini siku moja kabla ya mechi kutafuta kilabu. Watu arobaini wakishuka kwenye Fuso baada ya safari ya vumbi hawawezi kwenda uwanjani makoo yamekauka. Lazima wapate mahali pa kukaa, kunywa, kukaza ngoma na kupasha sauti. Mwenyekiti akichagua vibaya, lawama ni yake. Mwaka uliotangulia, hapo hapo Kasulu, walikunywa mahali karibu na uwanja, na kufikia mapumziko wengi wao walikuwa vichakani wakishika matumbo. Huenda walikula maharage yaliyolala, lakini Kibondo hakuna aliyetaka kusikia habari za maharage; wote walisema pombe ilitiwa dawa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na baba alishuka kwenye basi akiwa ameshashtuka.

Alinichukua tuzunguke pamoja kwa sababu, alisema, mwanamume mwenye mtoto hashukiwi. Tulianza na baa moja ya stendi. Mwenye baa alitupokea kwa mikono miwili akasema, "Karibuni sana, Kibondo ni ndugu zetu." Baba aliganda. Tulipotoka akaninong'oneza, "Umesikia? Mimi nimemwambia natoka Kibondo?" Basi lililomshusha lilikuwa bado limesimama pale mlangoni, na kibao chake kikisomeka Kibondo kwa herufi kubwa, lakini sikuthubutu kumwonyesha. Kilabu cha pili kilikuwa nyuma ya soko, na mle alikaa mtu akiandika kwenye daftari. Nilimwambia baba kwamba ni mgambo wa ushuru, namjua, kila siku hununua karanga. "Ndio wanaotumwa hao hao," akajibu, na tukaondoka hata hatujakaa. Mahali pekee alipopaamini palikuwa hoteli ya Mzee Sudi, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, aliyeuza chai na chapati na ambaye hakujua hata ni timu gani zinacheza. Lakini nani ataimba dakika tisini kwa chai ya rangi?

Kilibaki kilabu kimoja ambacho hakukitaja tangu afike, nacho ni cha dada yake. Tatizo lilikuwa Filbert, mume wa shangazi. Alikuwa mtu mpole, mfyatua matofali, ila siku ya mechi huvaa skafu ya Kasulu hata jua likiwaka. Tulipokaribia nyumbani baba akasema kwa sauti ya mtu anayejishauri, "Sesilia nimembeba mgongoni. Damu nzito kuliko maji." Shangazi alipoambiwa alikaa chini kwa furaha. Tangu aolewe, watu wa kwao hawakuwahi kuja kukaa kwenye mabenchi yake, na majirani zake wa Kasulu walikuwa na desturi ya kumuuliza kama ana ndugu kweli. "Kaka, nitawapa ile ya chungu cha ndani," alisema, akaanza kusugua vibuyu hapo hapo.

Sasa, kwetu Buha, nchi ya Waha, pombe haipokelewi hivi hivi. Mwenye pombe huonja kwanza, mgeni akamwona amemeza, ndipo kibuyu kinapita. Hufanyika hata kati ya majirani wa miaka yote, haraka haraka, na hakuna anayedai, lakini lisipofanyika kila mtu anaona. Mimi peke yangu, ukimwondoa Filbert, nilijua kwa nini shangazi siku hizo haonji. Wiki moja kabla alikuwa amenichukua kwenda hospitali ya Kabanga, tukapanda bodaboda wote wawili, akawa anamsihi dereva apunguze mwendo kila penye shimo. Nilimsubiri kwenye benchi. Alipotoka alikaa kando yangu, machozi yakimlengalenga, akaniambia ana mimba ya miezi miwili. Tatu zilizotangulia zilitoka. Muuguzi amemkataza pombe, hata tone. Kisha akanishika kidevu. "Usimwambie mtu. Hata baba yako. Mpaka tumbo liseme lenyewe." Aliamini kuna jicho lililoziona zile tatu zikiwa changa, na hakujua jicho hilo ni la huku au la kwetu Murungu. Naye alikuwa na shaka zake, kama watu wote wa hadithi hii. Siri ya mtungi iulize kata, na kata siku hizo nilikuwa mimi.

Fuso lilifika Jumamosi saa nne asubuhi, watu wamekuwa wekundu kwa vumbi mpaka kope, wanaimba. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya. Aliwaamkia, "Mwakeye, mwakeye," akawakalisha, akamimina kibuyu cha kwanza mpaka povu likapanda. Kisha akampa Filbert. Filbert akaonja, akameza, akafuta mdomo. Nyimbo zikakatika.

Aliyesema alikuwa mzee Ruhasha, fundi baiskeli wa kwetu na mpiga ngoma wa mashabiki. "Mama, hii pombe ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi mwenyewe aonje."

"Mume wangu ameonja. Ya mume na mke si moja?"

"Huyo ni Kasulu. Anaweza kuwa amekunywa dawa ya kuzuia tangu alfajiri. Onja wewe, sisi tunywe, tuimbe."

Shangazi alitabasamu, lakini niliona mkono wake ukipanda tumboni na kushuka upesi. "Oya," alikataa. "Mimi siku hizi sinywi." Mtu mmoja nyuma akacheka, akisema amewaona wapika pombe wengi ila wasiokunywa hajawaona. Ruhasha akamtazama baba. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mwenyekiti."

"Sesilia," baba alisema, "funda moja tu. Yaishe."

"Kaka. Hata wewe?" Aliweka kibuyu kwenye benchi, akaingia jikoni.

Baba alinivuta kando ya ukuta, chini ya dirisha la jikoni, akainama. "Umekaa naye wiki tatu. Anatia kitu kwenye pombe?" Jibu lilikuwa jepesi kuliko unyoya. Ndizi zile nilizikamua kwa mikono yangu. Ningesema, "Hatii kitu, baba," na ingekuwa kweli tupu, wala siri isingeguswa. Lakini niliona swali hilo litakavyozaa lingine: basi kwa nini haonji? Na hilo ningelijibuje, mimi ambaye kila nikidanganya baba alinigundua? Nikasema, "Sijui." Niliona uso wake ukijifunga. Mtu mwenye shaka akisikia sijui ya mtoto huichukua kuwa ushahidi.

Alimsubiri dada yake atoke, akamrudishia kibuyu mkononi kikiwa kimejaa. Hakukimwaga. Afadhali angekimwaga, tungesema ni hasira. Mashabiki waliondoka makundi makundi, wakanywa chai kwa Mzee Sudi wamesimama, wakaenda uwanjani, tukafungwa mabao mawili bila majibu. Filbert na majirani zake waliimaliza pombe ile Jumapili, na hakuna aliyeugua hata kichwa. Jirani mmoja alimuuliza shangazi kama wale waliokuja ni ndugu zake wa damu. Niliona haya mpaka nikaenda kukaa chooni.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana mzima. Habari zilipofika Murungu baba alikuwa kwenye cherehani. Niliviona vidole vyake vikihesabu juu ya kitambaa, Januari, Desemba, Novemba, vikirudi nyuma mpaka Juni, kisha vikatulia. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Alituma kuku na kitenge. Hakwenda mwenyewe hadi mwaka 2015, mtoto akiwa anatembea na kukimbia, na alipofika alimbeba siku nzima kana kwamba anaogopa kumweka chini.

Siku hizi mashabiki wa Kibondo wakienda Kasulu hawamtumi mtu atangulie. Wanatumiana picha za baa kwenye simu, wanachagua penye runinga kubwa, wanashuka kwenye Coaster, wanaletewa bia, na hakuna anayeonja kwa ajili ya mwenzake. Nikiwaeleza habari za kuonja wanacheka. Sisemi zamani ilikuwa bora, maana tulishukiana mpaka ndani ya nyumba. Ila leo mgeni halazimiki hata kumtazama usoni anayempa kinywaji, na sijui kama huko ni kuaminiana au ni kutojaliana tu.

Baba na shangazi walipatana, kwa namna watu wanavyopatana. Tukimtembelea, mimi hunimiminia urwagwa. Kaka yake humletea soda, chupa haijafunguliwa, na kifungulio pembeni.  Baba hufungua mwenyewe, hunywa, hushukuru. Mwaka jana, tukimenya ndizi jikoni, hatimaye nilimwambia shangazi kuhusu ile "sijui" yangu. Kisu chake hakikusimama.

"Niliisikia," alisema. "Nilikuwa hapa hapa dirishani. Wewe ulinitunzia siri, na sikutaka useme kitu. Nilitaka kaka yangu asikuulize."

Sebuleni baba aliita, kwa upole, kwamba soda imekuja bila kifungulio. Shangazi alinionyesha kilipo kwa ncha ya kisu. Nikampelekea.