Nilimtolea binti yangu siri ya nyonga ya golikipa

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana hapa Barking, London, Waswahili wote wananijua, na wasionijua wamenisikia.

Nina miaka sabini na tano. Nilitoka Unguja kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi. Skuli nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo maandishi yangu msiyacheke. Lakini chuma nakisoma. Kazi yangu ni kunoa viatu vya wachezaji wa hoki ya barafu, vile vyenye kisu chini. Timu ya kulipwa, si mchezo wa watoto. Miaka ishirini na sita sasa. Wamekuja vijana na mashine zao za kompyuta, wameondoka, miye nipo. Nikikishika kiatu nakwambia mwenyewe anaumwa wapi, na kama kagombana na mkewe nakwambia vilevile.

Sasa timu hizi zina mtindo wa kubadilishana wachezaji, nipe wako chukua wangu. Yakitokea hayo washabiki huja dirishani kwangu: "Haya, nani kala, nani kaliwa?" Nami nakata hukumu. Hukumu yangu haijawahi kurudi. Neno "sijui" tangu niingie nchi hii halijanitoka mdomoni.

Golikipa wetu katoka Kanada, nimemnolea miaka tisa. Wenzake wananiita Uncle. Yeye aliniuliza kwetu mtu mzima anaitwaje, toka siku ile ananiita Mzee. Mke wangu alipofariki alikuja makaburini, mrefu kuliko watu wote, akashika sepeto akafukia na sisi mpaka mwisho.

Msimu uliopita nikaona kiatu chake cha kulia kisu kimeliwa, cha kushoto kipo vilevile kilivyotoka kwangu. Golikipa anasukuma huku na huku, visu vinatakiwa viliwe sawasawa. Nikamwambia, "Wewe mguu wa kushoto husukumi. Nyonga hiyo?" Akafunga mlango wa chumba changu.

"Mzee, usimwambie mtu. Daktari wangu kasema nikipumzika kiangazi nitapona. Nikijulikana mgonjwa sasa hivi hakuna atakayenipa mkataba, na nina watoto watatu."

Nikamwambia, "Limeingia kaburini hilo."

Ninaye binti mmoja tu, kazaliwa hapa hapa London. Anafanya kazi ofisi ya timu, ubavuni mwa meneja, na miye ndiye niliyemwingiza. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Jumapili moja akaja kwangu na chupa ya urojo. Wallahi ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale, kwani tangu mama yake afe hajanipikia urojo. Na siku hiyo akasema Kiswahili!

"Baba, timu moja ya kaskazini inamtaka golikipa. Watatupa mshambuliaji na beki. Unaonaje, nani atafaidika?"

"Sisi."

"Mbona kila mtu anasema sisi ndio tutaliwa?"

"Kila mtu hana macho."

"Meneja anasema siku hizi unabahatisha tu, Baba. Uzee."

Hapo akanikamata. Bakuli mkononi, nikamweleza yote: visu, nyonga, daktari, mlango uliofungwa. Nikamalizia, "Wao wanapata mguu mmoja, sisi tunapata minne." Nikacheka mwenyewe. Yeye hakucheka, alikuwa anaosha bakuli lake.

Alhamisi golikipa akaondoka. Washabiki wamekuja dirishani wanalia, tumeibiwa, tumeibiwa. Miye siku hiyo hukumu sikuikata, nikainamia kiatu nikanoa. Kule kacheza mechi tatu, ya nne nyonga ikamwangusha, wakambeba kutoka kwenye barafu. Mkataba mpya hakupewa. Kisha mtu wa huko akamwambia, wenzako London walijua, wamekuuza kwa kujua.

Nikampigia binti yangu nikamwita msaliti. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaningoja nimalize, akajibu kwa Kiingereza chake: "Nilikuuliza swali, Dad. Ungeweza kusema hujui. Na hukumu yako imekuwa sawa, si ndiyo unayoitaka siku zote?" Halafu akalia. Akaniambia timu iliapa kwa wale wa kaskazini kwamba haikuwa na habari ya ugonjwa wowote. Ikijulikana habari ilipita kwake, meneja atamtupia yeye lawama zote na kazi hana.

Jana golikipa kanipigia mwenyewe. Hana hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Mzee, kuna jozi yangu imebaki kwako, nitakuja Jumamosi kuichukua. Siri ile nilikwambia wewe peke yako. Nikifika ukiniambia si wewe, nitakuamini, na sitauliza tena maisha yangu yote."

Jozi hiyo ninayo hapa mbele yangu. Nimeinoa upya, kulia na kushoto.

Nikisema si mimi, ataniamini, na nitakuwa nimemdanganya mtu aliyemfukia mke wangu. Nikisema ni mimi, ataniuliza nilimwambia nani, na wa kumtaja ni mwanangu mmoja. Wapo watakaoniandikia, "Babu, muombe radhi tu yaishe." Miye sijawahi kumuomba mtu radhi, hata marehemu mke wangu aliondoka ananidai hilo.

Nyinyi mliojaa humu maelfu, mabinti na wazee wenzangu, nimekata hukumu za watu miaka ishirini na sita, leo nikatieni yangu. Jumamosi nikimfungulia mlango, neno la kwanza limtoke nani, na liwe lipi?

Miye sijui. Haya, nimeliandika.