Siku Mama Wanjira Alipotoka Jikoni

Ukitaka kumkasirisha Ciakuthii, mwambie atoke jikoni. Tangu enzi za marehemu mzee Rwamba, mwenye hoteli, siku zile wakulima wa Runyenjes walipokuwa wakipokea pesa za kahawa na kuja kula nyama mpaka viti vikakosekana, yeye alikuwa nyuma ya ukuta ule mweusi wa moshi, kitambaa kichwani, mwiko mkononi. Waliokula chakula chake ni wengi mno. Waliomjua kwa sura ni wachache, na hivyo ndivyo alivyotaka.

Watu humwita Mama Wanjira. Wanjira alikuwa mtoto wake wa pekee, na alilelewa mle mle jikoni. Akitoka shule alikuwa akikalia gunia la viazi, anachambua maharagwe huku anakariri masomo kwa sauti, na mzee Rwamba akipita anamtania, "Mwalimu, leo umetupikia nini?" Basi mama na mwana wanacheka mpaka maziwa yanafurika jikoni. Kulikuwa na kuni wakati huo, si gesi hii, na chai ilikuwa na harufu ya moshi ambayo Ciakuthii huitafuta mpaka leo asiipate.

Wanjira akakua, akaolewa na Mugendi, kijana wa bodaboda aliyekuwa akibebea watu mazao kutoka mashambani. Wakakaa vizuri. Kisha ugonjwa ukaja kwa haraka, ukamchukua msichana wa watu kabla hajaacha hata mtoto. Jina likabaki kwa mama peke yake. We acha tu! Kuitwa kutwa nzima kwa jina la mtu ambaye hawezi tena kuitika, hilo si jambo la kuzoea.

Sasa, huyu Mugendi. Kwao Ciakuthii, huko chini Mbeere, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Ni heshima. Zamani wakikutana njiani, mmoja alijitoma kichakani mpaka mwenzake apite. Vijana wa leo hukumbatiana na mama wakwe zao huku wakipigwa picha, haya, shauri yao. Ciakuthii si wa hao. Mkwe aketi ale huku mama mkwe anamtazama mdomoni? Afadhali njaa.

Lakini ukuta ni ukuta. Kila siku ya soko Mugendi huegesha pikipiki nje, huketi meza ya pembeni, na Runji, weita wa hoteli, hupaza sauti kwenye dirisha la jikoni, "Githeri ya mkwe!" Ciakuthii hupakua mahindi na maharagwe kwa mkono mzito, anatupia vipande vya nyama ambavyo havikuagizwa na parachichi juu. Sahani ikirudi tupu, huishika kidogo kabla ya kuiweka kwenye sinki. Basi. Tangu mazishi hawajasemezana hata neno moja, na wala hawakuhitaji. Mwanamume aliyefiwa bila mtoto hafungwi na mtu. Angeweza kula kokote. Sahani ile ndiyo iliyokuwa ikimwambia Ciakuthii kwamba binti yake aliwahi kuwa na nyumba, na kwamba nyumba hiyo bado inamkumbuka.

Ndipo Lorna akaleta mambo yake. Lorna ni binti wa mzee Rwamba, amesomea kazi ya hoteli, na ndiye anayeendesha biashara tangu baba afariki. Aliwakusanya wafanyakazi asubuhi, kabla ya wateja.

"Wiki ijayo kila mtu atafanya kazi ya mwenzake," alisema. "Ni mafunzo. Runji ataingia jikoni, Mama Wanjira atahudumia wateja. Mimi nitaosha vyombo."

"Mimi? Nje?" Ciakuthii alishtuka.

"Mama, ulipolazwa na malaria tulipika nini? Mayai na chipsi. Wateja wakahama hao, tukabaki tukiangaliana. Ukiugua tena tufunge?"

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Ciakuthii zaidi. Alimfuata pembeni, akamweleza kuhusu Mugendi. Akiniona, atatoka na njaa yake, alisema. Na akishatoka kwa aibu, harudi tena.

Lorna alimshika mkono, akamwita shangazi kwa lugha ya nyumbani. "Tata, naelewa. Lakini nikikuachilia wewe, kila mtu ataleta sababu yake."

Basi wiki ikaanza, na ilikuwa vituko vitupu. Runji, ambaye kwa mdomo hakuna anayemweza, alinyamazishwa na sufuria ya ugali. Chapati zake zilitoka ngumu, mzee mmoja akauliza kama zinaliwa au zinaezekewa paa. Ciakuthii naye alikuwa akitembea kati ya meza ameinamisha kichwa. Mteja akiagiza, yeye anakwenda dirishani na kunong'ona, "Mwanangu, wali na maharagwe," na Runji anafoka kutoka ndani, "Mama, paza sauti! Hapa kuna moto!" Wanafunzi wakiomba chai nusu, anawaletea kikombe kizima na mandazi, anawauliza kama mama zao wanajua wanashinda na njaa. Kufikia katikati ya wiki alianza kuinua macho. Aliona kwamba watu hutabasamu wakipata mchuzi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliona tabasamu hata moja, na alijisikia kama aliyeibiwa.

Ila siku ya soko ilimkalia rohoni. Akapatana na Runji: Mugendi akija, yeye Ciakuthii atajificha stoo, na Runji atatoka mbio kupeleka sahani. "Usijali, Mama," Runji akasema. "Nitaruka kama swara."

Swara gani! Mugendi alipoingia na kuketi, Runji alikuwa ameunguza githeri, moshi umejaa, mikono miwili iko kwenye sufuria. Lorna povu limemfika viwikoni. Huko stoo, Ciakuthii alisimama akisikiliza. Alisikia mteja mmoja akimwuliza Mugendi, "Kwani leo hakuna mtu hapa? Twende kwa jirani." Na akasikia kiti kikisukumwa.

Roho ilimruka. Alitoka, akachukua sahani mwenyewe, akaivaa ile hatari. Alitembea uso ameugeuzia ukutani, sahani ameinyoosha pembeni, akaiweka mezani bila kutazama, akageuka kwenda zake.

"Mama."

Alisimama. Mugendi naye alikuwa amesimama, kofia mkononi, macho chini. Wazee waliokuwa hotelini waliujua uzito wa jambo lile. Kila mmoja akainamia kikombe chake.

"Mama, nisamehe," Mugendi alisema. "Kila siku ya soko huja hapa na neno, halafu nakula, naondoka nalo. Si neno la kumtuma Runji apige kelele dirishani." Akaizungusha kofia. "Nimepata kazi Meru. Na kuna msichana huko Nchiru, anaitwa Wanja. Wazazi wangu wanataka kwenda kwao kuposa mwezi ujao."

Basi ndivyo. Ciakuthii alikuwa amejificha stoo asimpoteze, kumbe ameshapotea. Hasira zilimpanda, hasira za mtu aliyepika kwa upendo wote huo.

"Ulitaka kuniaga kwa sahani tupu?"

"Nilishindwa, Mama. Nikifikiria kusema, namwona Wanjira."

Jina lile halikuwa limetamkwa na mwingine kwa uchungu kama wake tangu siku ya kaburi. Hasira zikaishia hapo. Alilia wazi, katikati ya hoteli, akijifuta kwa aproni ya Runji aliyokuwa ameivaa.

Alipomaliza kujifuta alisema, "Haya. Ukienda kupeleka mbuzi wa mahari kwa wengine, mimi si mama mkwe wako tena."

"Mama, usiseme hivyo, tafadhali."

"Nimesema ukwe. Kwani nimesema kingine?" Akavuta kiti, akaketi mkabala naye, mahali ambapo hajawahi kuketi. "Keti ule. Leo amepika Runji, kwa hiyo usinilaumu."

Mugendi alisita. Kisha akaketi, akachukua kijiko.

Na Ciakuthii akamtazama. Alimwona akipuliza githeri ingawa imeshapoa. Alimwona akisukuma mahindi upande mmoja ale maharagwe kwanza, akitafuna polepole, akikunja uso alipofika kwenye punje zilizoungua na kuzimeza kwa adabu. Mambo madogo madogo, ya bure tu. Wanjira aliyaona haya kila jioni, aliwaza. Hiki ndicho mtoto wangu alichokuwa akikiona, mezani kwake, nyumbani kwake. Moyo ulimjaa, huzuni na furaha pamoja, asijue ipi ni ipi.

"Huyo Wanja," aliuliza, "ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri, Mama."

"Mlete nimwone."

Mteja wa meza ya mlangoni alichoka kungoja, akagonga meza. "Mama, chai yangu jamani! Kwani hii hoteli leo haina weita?"

Ciakuthii hakugeuka hata kidogo.

"Ngoja," alisema. "Mtoto wangu anakula."