Maji Baridi ya Mwanaesha

Ukitaka kumjua mavyaa wangu Mwanaesha, mama yake mume wangu, inama uangalie chini ya kitanda chake. Hutaona viatu wala sanduku. Utaona mitungi ya plastiki ya manjano, imepangwa juu ya mbao isiguse sakafu, vifuniko vimekazwa kweli kweli. Hayo ni maji ya kunywa, na hayaguswi. Mie nilipoolewa na Samir nikaletwa hapa mtaa wa Kaloleni, chini ya milima ya Wataita, niliuliza mitungi yote hiyo ni ya harusi ya nani. Mama akanitazama kama anavyomtazama muuza nyama mwenye mizani mbovu.

"Ni ya siku bomba litakapotukimbia," akasema, na mazungumzo yakaisha hapo.

Na jamani, ana kazi huyu mama! Mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa haumpiti mlangoni, hata uape. Ataunusa kwanza, pua yote ndani. Atausugua kwa sabuni, atausuuza mpaka mie mtazamaji nichoke, ndipo atie maji ya bomba na dawa ya maji, afunge. Yakikaa sana anayatoa ya kufulia, anatia mapya. Samir humtania: "Mama, nyumba hii ni ya mitungi, sie wapangaji tu." Humjibu: "Basi lipeni kodi." Wallahi sijaona mtu wa kumshinda.

Siku yenyewe ikaja. Mvua za mwisho wa mwaka zilinyesha kama zimetumwa, mafuriko yakalikata bomba kubwa, na malori yakakwama barabarani huko Miasenyi. Maji ya chupa yakaisha madukani. Kilichobaki mtaani ni maji ya kisima, na maji ya kisima cha kwetu yana chumvi ya kukukunja uso. Ndipo waliokuwa wakicheka mitungi wakaanza kubisha hodi na majagi mikononi. Mama hakumsuta hata mmoja. Ningekuwa mie, ng'o, ningewasema kwanza mpaka wakome!

Chumba cha jirani alipanga Tryphena, msichana wa Kitaita aliyeshuka kutoka milimani juzijuzi na mtoto wake mchanga, Fanuel. Asubuhi moja alirudi kutoka hospitali, mtoto mgongoni, anaharisha. Alikuwa amepewa pakiti za ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji.

"Wamesema asipokojoa kufikia saa kumi nimrudishe wamuwekee dripu," akatuambia.

Mama alikuwa jikoni, mikono ina unga. Jana yake alikuwa amempa Tryphena jagi la maji, akadhani bado lipo. Akampazia sauti: "Mchanganyie kwa maji baridi, mwanangu! Maji baridi peke yake, mengine usimtilie!"

Adhuhuri Mama alipomaliza kuswali tukaenda kumwangalia. Lahaula! Mtoto amelegea, macho yameingia ndani, analia na chozi halitoki. Nepi kavu. Tryphena anamnywesha kwa kijiko, na kikombe kinatoa jasho kwa ubaridi. Mama akakichukua, akaonja, akatema pale pale mlangoni.

"Haya maji umeyatoa wapi?"

"Si ulisema maji baridi, Mama? Yale ya jagi nilipikia uji. Nikachota ya kisima, nikaweka kwa friji ya Makau pale dukani. Dawa yenyewe iko na chumvi, nikaona ni sawa."

Hapo ndipo tulipoelewa. Kwetu sie watu wa pwani, maji baridi si lazima yawe ya friji. Ni maji yasiyo na chumvi, hata kama yametoka juani yanafuka moshi. Lakini huko milimani kwao Tryphena maji yote ni matamu. Nani angemfundisha neno hilo? Msichana wa watu amefanya alivyoambiwa, na mtoto anapewa chumvi juu ya chumvi.

"Si kosa lako," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia, na sijapata kumwona uso ule. "Nasima, ulimi wangu huu utaua mtoto wa mtu. Kalete mtungi."

Mtungi wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa mwisho. Samir alinisaidia kuubeba, akanong'ona, "Mama, na sie je?"

"Sie tutakunywa ya chumvi tukunje nyuso. Nimeyaweka kwa siku gani, siku ya Idi?"

Akamwaga ile ya kikombe, akachanganya pakiti mpya, akampakata Fanuel mapajani na kuanza. Kijiko, anangoja. Mtoto akitapika, anampumzisha, anaanza tena. Tryphena analia, mie nalia, Mama halii. Kila mara anatia mkono kwenye nepi na kuutoa mkavu. Samir akaenda kuita bodaboda, ikasimama nje. Saa kumi ikakaribia. Nikamwambia, "Mama, tumpeleke tu." Akatikisa kichwa kukubali, akasimama na mtoto kifuani, amevaa buibui lake jeusi safi alilolitayarisha kwa swala ya alasiri. Na yeye kwa usafi wa swala, usimguse! Tone la uchafu likimrukia, habari itafika Taveta.

Alikuwa ameshaweka mguu nje ya mlango aliposimama ghafla. Akatazama kifua chake. Buibui lilikuwa linalowa, nepi imeshindwa kuzuia, linalowa mpaka tumboni, linachuruzika mpaka kwenye kandambili.

"Amenikojolea!" Mama akapiga ukelele mpaka mtu wa bodaboda akaruka. "Tryphena! Amenikojolea! Alhamdulillahi, nikojolee, babu, nikojolee yote!"

Adhana ya alasiri ikaanza, na yeye yuko palepale mlangoni, ameloa, anacheka na kulia kwa pamoja, hataki kumtoa mtoto mikononi.