Wakulima Wawili wa Dhahabu

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya kutoa pesa benki hapa Katesh, mzee aliyestaafu udereva wa trekta mashamba ya ngano Basotu alimwonyesha karani zawadi yake ya kuagwa, sarafu mpya ya dhahabu yenye picha ya mkulima. Karani akaigeuza kwenye mwanga, akaguna.

“Mzee, hii ina kasoro. Mkulima alitakiwa awe mmoja, mashine imegonga mara mbili. Tuirudishe, watakupa nzima.”

Mzee akaifunika kwa kiganja. “Na huyu wa pili?”

“Hayupo, mzee. Ni kosa tu.”

“Basi waacheni. Tangu mama watoto afariki, asubuhi nasalimu, hakuna wa kuitikia. Huyu angalau ana mwenzake.”

Mkaguzi aliyesinzia kwenye kiwanda cha sarafu anastahili kufokewa, ila si sana. Noti nilizopewa mimi zote zilikuwa safi, bila kasoro, na nilipofika nyumbani nilipiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe, ingawa naishi peke yangu.