Uso Alioniahidi Bwana Gontier

Bwana Gontier alimchora mwanangu Zélie bila uso. Aliahidi angeumalizia, hakuumalizia, na picha nyingine ya mtoto wangu haipo duniani.

Mimi ni dobi hapa Argenteuil, karibu na Paris. Bwana Gontier alipanga chumba kwa jirani, na kiangazi kile kila asubuhi alileta turubai yake ya kuchorea uani kwangu, akamketisha Zélie kati ya shuka nilizoanika. Zélie alikuwa na miaka saba na mdomo usiopumzika, lakini kwa yule bwana alitulia tuli.

"Mbona shuka zangu umezipaka zambarau?" nilimuuliza. "Unataka wateja wanikimbie?"

"Mama Zélie, hebu tazama vizuri. Kivulini hakuna nyeupe."

"Na mtoto? Mbona usoni patupu?"

"Kwanza mwanga, maana mwanga unakimbia. Uso haukimbii. Nitaumalizia mwishoni, halafu picha ni yako."

Zélie akacheka. "Mama, ananiogopa huyu!"

Septemba dondakoo likamkamata. Jumapili tukamzika.

Baridi ilipokwisha, picha ikapelekwa Paris kwenye maonyesho. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikapanda treni. Watu walikuwa wamejazana mbele ya picha wakicheka.

"Hiki nini sasa, mtoto au kipande cha sabuni?" mwanamume mmoja akasema, na mkewe akajishika mbavu.

Nilisimama nyuma yao. Zélie nilimtambua kwa utepe wake mwekundu wa nywele, basi. Chini ya utepe palikuwa na madoa: waridi, kijani, buluu kidogo.

Bwana Gontier nilimkuta mlangoni. "Mwekee uso," nikamwambia.

"Siwezi, mama. Mwanga ule umekwisha. Nikigusa sasa nitakuwa nasema uongo."

"Macho yake yalikuwa rangi gani?"

Kiangazi kizima alimtazama kuliko mimi niliyeinamia beseni, na hakujua.

Picha akamuuzia mtu nisiyemjua. Siku hizi jua likipenya kwenye shuka naiona ile zambarau, na namchukia kwa kunionyesha. Zambarau naiona vizuri. Uso wa Zélie ndio unaonipotea, mwaka hadi mwaka.

Namdai Bwana Gontier pua, mdomo, na macho mawili ya kahawia.