Nyumba Iliyopelekwa Kazini

Fundi cherehani mmoja wateja walimwita Mama Kipimo, kwa kuwa nguo haikutoka mkononi mwake ikampwaya mtu. Nguo za watu alizipatia. Mkopo wa nyumba yake ndio uliomshinda kupima. Yeye na mumewe, dereva wa lori, walipochukua mkopo walipiga hesabu za lori linalotembea. Hawakuwaza siku lori litakaposimama.

Likasimama. Tajiri mwenye lori alipunguza safari, mshahara ukabaki nusu, na marejesho ya miezi miwili yakapita bila kulipwa. Benki ikawaambia bila kumung'unya maneno: wa tatu ukipita, nyumba inapigwa mnada.

Jumapili baada ya chakula wakaketi mezani kupitia matumizi. Maziwa yakakatwa. King'amuzi kikakatwa, na mume akanuna kama aliyefiwa. Ada ya binti haikuguswa, wala dawa za presha za mama mkwe. Walipomaliza, pengo lilikuwa palepale.

"Tuuze cherehani," mume akasema, macho pembeni.

"Mwezi huu cherehani. Mwezi ujao utauza nini, baba? Mimi?"

Mama mkwe, ambaye ukimwita hasikii lakini yasiyomhusu yote huyasikia, akadakia kutoka kwenye kochi: "Humu ndani kila kitu kinafanya kazi, hata hiyo cherehani. Nyumba tu ndiyo inakaa bure."

Ilikuwa kweli, na Mama Kipimo alichukia kwamba ukweli umetoka kinywani mwa mkwewe. Lakini lisilo budi hutendwa. Kabla mwezi haujaisha wakahamia vyumba viwili vya uani, kimoja kilikuwa stoo ya vitambaa, na kwenye nyumba kubwa akaingia mpangaji na mkewe. Mke huyo alizipenda pazia, akaomba ziachwe. Alilipenda na zulia. Kodi ikalipa rejesho, benki ikatulia, na mume akaanza kutamba kijiweni kwamba siku hizi ana mpangaji. Mama Kipimo alimsikia. Pazia zile alizishona usiku, baada ya kazi za watu, akiwa na mimba ya binti yake.

Jioni moja alikuwa akishona mlangoni mwa stoo. Binti alikumbuka kamba yake ya kuruka, iliyosahaulika sebuleni siku ya kuhama. Akakimbia hadi mlango wa nyuma wa nyumba kubwa, mlango aliozoea kuupiga teke, akasimama ghafla, akapangusa miguu.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyemfundisha.

"Nani? Aa, mtoto wa uani. Ngoja hapohapo nje, usije ukanichafulia zulia," mke wa mpangaji akasema kutoka ndani.

Binti akarudi hatua moja, akaweka mikono nyuma, akangoja. Mama Kipimo alitaka kuinuka. Lakini kodi ilikuwa inalipwa Ijumaa, na rejesho Jumamosi, basi akainamisha kichwa na kuendelea kukanyaga cherehani.